Umbali wa Kutoka Kisangani hadi Léo

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za ghala la mafuta ya ndege. Wakanishika mkono, wakanipa na saa kubwa ya ukutani ambayo mpaka leo bado inatafuta ukuta. Ninyi wadogo zangu wa pampu mliniomba niandike jinsi kazi ilivyokuwa kabla ya malori ya kujazia na mipira mirefu. Habari za vyeo nitaziruka, na za mshahara pia, maana hizo mnazijua na hazijabadilika sana. Nitaandika juu ya kazi yenyewe na juu ya mtu aliyenifundisha, kwa sababu kila nikijaribu kuanza na jambo lingine, kalamu inarudi kwake.

Nilifika Kisangani mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nikitokea upande wa Isangi. Wazungu waliuita mji Stanleyville, sisi tuliuita Kisangani, na barua zilifika vilevile. Nilikuwa nimefanya kazi Yangambi kwenye mashamba ya utafiti, nikifunga vibao kwenye miche ya michikichi. Kazi safi, ila mche hauongei. Nilitaka kazi yenye watu. Uwanjani wakaniweka kwenye mapipa.

Siku ya kwanza nilipokelewa na Papa Ramazani. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, mwenye kofia nyeupe aliyoifua kila siku na koti la kazi ambalo halikufuliwa kamwe, kwa sababu alisema sabuni haishindani na esansi, yaani mafuta ya ndege. Ukoo wake ulitoka Maniema zamani, na walikuwa Waislamu tangu babu yake. Aliswali nyuma ya mapipa, juu ya kipande cha turubai, kisha akarudi kazini. Aliniangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akachukua chupa ya kioo yenye mdomo mpana, akaiweka chini ya bawa la ndege, akafungua kizibo kidogo. Mafuta yakaingia chupani.

“Unaona nini?”

“Esansi, papa.”

“Angalia tena.”

Nikaangalia tena. Chini kabisa ya chupa kulikuwa na tone, linatetemeka kama jicho la samaki.

“Ile iko maji,” akasema. “Mapipa inalala inje, mvua inanyesha, maji inaingia. Hapa chini, maji ni maji tu. Kule juu, maji ni kifo. Utaangalia chupa kila siku mpaka siku utaacha kazi. Bon, shika pampu.”

Ndiyo mafunzo niliyopata. Wengine siku hizi mnapelekwa kozi ya miezi mitatu na mnarudi na cheti, sisemi kitu.

Pampu ilikuwa ya mkono. Mmoja alisukuma mpini mbele na nyuma, mwingine alikaa juu ya bawa na faneli kubwa iliyotandikwa ngozi laini ya kuchujia. Ngozi ile ilipitisha mafuta ikazuia maji. Kabla ya yote unafunga waya wa shaba kutoka kwenye ndege hadi kwenye chuma kilichopigiliwa ardhini, ili cheche isiwachome. Jua la saa sita juu ya bawa lile sitalisahau. Mikono ilikauka ikapasuka, na chakula chote kilinuka esansi. Mke wangu alisema hata lituma ya ndizi aliyoitwanga mwenyewe nyumbani inabadilika harufu nikiishika.

Kwa sababu ya mapipa, sisi tulijua umbali kwa namna yetu. Ndege ya Bunia ilikunywa kidogo. Ya Usumbura ilikunywa zaidi. Ya Léopoldville, ambayo kila mtu aliiita Léo, ilitumaliza mabega. Abiria waliokuja kuuliza waliambiwa na mhudumu wa ukumbi kwamba ni kilomita elfu moja na mia mbili hivi kwa njia ya angani, saa nne au tano za kuruka kulingana na ndege na mawingu. Kwa mto, ambao unapinda kaskazini kabla ya kushuka, ni karibu juma zima kwenda, na kurudi dhidi ya maji ni majuma mawili, ukibahatika na mafungu ya mchanga yasikukamate. Sisi tuliyajua hayo bila kwenda kokote. Hakuna mtu wa mapipa aliyekuwa amepanda ndege. Papa Ramazani alikuwa amejaza ndege za Léo kwa miaka mingi na Léo hakuwahi kuiona.

Alikuwa na mtoto mmoja tu aliyebaki hai, Zaina. Wengine watatu walikufa wadogo. Zaina nilimfahamu vizuri, alikuwa akituletea chakula, anasimama mbali na mapipa kama alivyofundishwa, anamwita aje, “Papa, kuya!” Aliolewa na karani mmoja kijana, mtu mpole, ambaye baadaye alihamishiwa Léo. Waliondoka kwa meli. Siku ile pale bandarini Papa Ramazani hakulia. Alimwuliza mkwewe mara mbili kama vitanda vya kule daraja la tatu vina paa juu yake, basi.

Tangu siku ile, kila ndege ya Léo ilipotua, alikuwa wa kwanza kuifikia, hata kama si zamu yake. Hakuuliza kitu. Aliigusa tu chini ya bawa na kiganja, kama mtu anayepima homa, kisha akaanza kazi.

Jumamosi moja baada ya saa sita, katika msimu ambao Wazungu wengi walikuwa wakienda likizo Ulaya, Gaston alikuja akikimbia. Gaston alikuwa msaidizi wa redio, mtoto wa Opala, na kwa kawaida hakukimbia kwa ajili ya mtu yeyote. Alisema mkwe wa Papa Ramazani amekwenda uwanjani Léo akawaomba watu wa redio wapitishe ujumbe. Zaina amejifungua mtoto msichana. Damu haikatiki. Anamwita baba yake.

Papa Ramazani alikuwa akizungusha kizibo cha pipa. Alikimaliza. Kisha akauliza, “Ndege ya kesho iko na nafasi?”

Ilikuwa na nafasi. Ilikuwa ndege ya ziada iliyoleta bidhaa, na asubuhi ya Jumapili ingerudi Léo na viti vingi vitupu. Tulimsindikiza kwa mkuu wa kituo, mimi na Bolamba, mwenzetu wa pampu, Mlokele mwenye hasira za haraka. Mkuu alikuwa Mzungu wa makamo, hakuwa mtu mbaya kuliko wengine. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani.

“Ramazani, barua ya ruhusa ya kutoka wilaya uko nayo?”

“Hapana, bwana. Ofisi imefungwa.”

“Bila ile, polisi ya Léo itakukamata pale uwanjani. Na mimi nitaulizwa nani alikupandisha. Jumatatu ofisi itafunguka.”

“Jumatatu kuna ndege?”

“Wiki nzima imejaa. Familia zinaenda likizo.” Akavaa miwani. “Mimi naona huruma, Ramazani. Lakini bila karatasi, hapana.”

Bolamba alitaka kusema kitu, Papa Ramazani akamshika mkono. Tukatoka. Ofisi ya wilaya tuliikuta imefungwa kweli. Karani tuliyemfuata nyumbani kwake Tshopo alisema muhuri unakaa kwa bwana wake, na bwana wake amekwenda kuwinda. Hata imamu wa msikiti wao alikwenda kuomba kwa mtu mmoja mkubwa aliyemjua. Hakuna lililofunguka.

Jumapili asubuhi ndege ilikuwa pale, na zamu ilikuwa yetu. Mkuu alimwambia Papa Ramazani akae nyumbani, akakataa. Akapanda juu ya bawa na faneli yake. Mimi nikasukuma pampu. Bolamba alikuwa chini anaviringisha mapipa, na nilimwona anafikiri jambo. Akasogea.

“Papa,” akasema kwa sauti ndogo, “toa ile ngozi. Acha maji kidogo tu ipite. Rubani atajaribu mashine, itakohoa, atazima. Watasafisha leo mzima. Kesho ofisi inafunguka, unapata karatasi, unaenda naye. Hakuna mutu atakufa.”

Niliacha kusukuma. Kwa kweli ilikuwa hesabu nzuri. Bado nafikiri ingewezekana. Papa Ramazani alimwangalia Bolamba kutoka juu kwa muda mrefu hivi kwamba niliogopa atadondoka.

“Na kama haikohoi hapa?” akasema. “Kama inakohoa kule juu ya pori? Mule ndani kutakuwa batu, Bolamba. Bale batu bamefanyia nini mutoto wangu?”

“Nilisema kidogo tu, papa.”

“Anselme, sukuma.”

Nikasukuma. Alipomaliza alishuka, akachukua chupa yake, akaangalia maji chini ya bawa la kulia, kisha la kushoto, kisha akarudi kulia tena. Alikuwa hajawahi kurudia. Mikono yake ilitulia kabisa. Uso sikuutazama.

Rubani alikuwa amesikia habari. Alikuja akampa mkono, akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba angempandisha kama angeruhusiwa. Akauliza kama kuna kitu cha kupeleka.

“Neno tu,” akasema Papa Ramazani. “Bamuambie Zaina, papa iko anakuja.”

Rubani alikariri maneno yale mara mbili, ili asikosee. Kisha waya wa shaba ukafunguliwa, mashine zikawaka bila kukohoa, ndege ikaenda mwisho wa uwanja, ikageuka, ikaruka. Sisi watatu tulibaki na mapipa matupu. Papa Ramazani aliifuata kwa macho mpaka ikaingia kwenye wingu, na hata ilipoingia aliendelea kuangalia. Mchana, wakati tunakula, au tuseme wakati mimi na Bolamba tunakula, alisema, “Sasa bamefika.”

Jumatatu asubuhi alipata karatasi yake. Muhuri ulichukua muda mfupi kuliko kuvuta tumbaku. Jioni meli ya Léo iliondoka na yeye akapanda, na furushi la chakula alilofungiwa na mkewe, Mama Zaina: kwanga ya muhogo, samaki wa kukauka, na nguo za mtoto. Alikuwa karibu na furaha. Alituambia kutoka ukingoni mwa meli, “Damu ya uzazi inakatika. Mama yake vilevile ilikuwa hivyo, na muone, iko hapa na mdomo yake yote.” Mama Zaina akacheka. Ndiyo mara ya mwisho nilimsikia akicheka vile.

Jumanne asubuhi Gaston hakukimbia. Alikuja akitembea polepole, akaniita pembeni. Zaina alikuwa amekufa usiku. Wangemzika siku hiyohiyo, kama dini yao inavyotaka.

Tulikwenda nyumbani kwa Papa Ramazani sisi watatu, na imamu tulimpitia njiani. Mama Zaina alikuwa uani anamenya ndizi. Alipotuona tumekuja wote na imamu yuko mbele, aliweka kisu chini, akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Imamu alisema alichotakiwa kusema. Mama Zaina hakupiga kelele. Alijifunika uso kwa kitenge chake, akakaa hivyo, na sisi tulisimama pale tukiangalia ndizi zinavyogeuka nyeusi.

Alipofunua uso, neno lake la kwanza lilikuwa, “Papa Zaina anajua?”

Gaston akaeleza. Meli kwa wakati ule ilikuwa imeshapita Isangi. Ila posta ya Bumba ina simu ya waya, na ya Lisala vilevile. Akituma sasa, karani wa posta anaweza kungoja bandarini na kumpa habari meli ikifunga.

“Tuma,” akasema Bolamba. “Mutu hawezi kusafiria kaburi bila kujua.”

Imamu naye alikubali. Alisema baba ana haki ya kujua ili amwombee marehemu dua zinazomfaa.

Mama Zaina alinigeukia mimi, sijui kwa nini. “Anselme, batò itafika Léo siku gani?”

“Jumapili, mama. Pengine Jumatatu.”

“Na kule Bumba akipata habari, atashuka? Atafanya nini? Atarudi?”

“Hapana, mama. Ataendelea tu.”

“Na nani? Kule juu ya batò iko na ndugu?”

Alifunga kitenge chake upya.

“Basi muache,” akasema. “Asiambiwe. Akae na mutoto wake siku zile. Mimi yangu imekwisha leo. Yeye muache akae naye.”

Imamu alijaribu tena, taratibu, kwa maneno mazuri. Akamjibu, “Mwalimu, ni mimi nilimuzaa.” Gaston hakutuma.

Msiba ulifanyika bila baba. Wanawake walilala uani, hitima ikasomwa, siku tatu zikaisha, watu wakarudi makwao, na mikeka ikakunjwa, na wakati huo wote Papa Ramazani alikuwa mtoni anamwendea mgonjwa. Uwanjani tulifanya kazi kama watu walioiba. Ndege ya Léo ilikuja katikati ya juma, tukaijaza, ikaondoka ikifuata mto, na kwa hesabu yangu ilimpita mahali fulani karibu na Lisala. Kama aliinua kichwa aliiona.

Alirudi baada ya zaidi ya mwezi. Tulikwenda bandarini kumpokea: Mama Zaina, imamu, mimi, Bolamba. Alishuka amekonda, na mikononi amebeba mtoto. Nyuma yake alikuja mama mmoja wa Bumba, mnene, mwenye mtoto wake mgongoni. Yeye ndiye aliyemnyonyesha mjukuu kutoka Bumba hadi hapa, kama majirani wa mkwewe walivyomnyonyesha Léo, na katikati ya hapo alipewa maziwa ya kopo na maji ya kuchemsha. Hatukupata hata kumshukuru sawasawa. Alikuwa na mizigo yake ya kuhesabia wapagazi.

Mjukuu alikuwa amefungwa kitenge kipya cha rangi ya manjano na buluu. Mama Zaina akampokea, akamfunua uso, akamwangalia. Kwa kutafuta neno lolote la kusema, akasema, “Kitambaa kizuri. Ulinunua wapi?”

“Lisala,” akasema Papa Ramazani. “Wakati wa kwenda. Nilimununulia Zaina.”

Mama Zaina akamrudishia mtoto, akakaa chini palepale, juu ya mbao za bandari, kati ya magunia ya mchele. “Nilijua,” akasema. “Kabla ya Lisala nilijua. Gaston alitaka kutuma habari, mimi nikakataza. Usikasirikie batu ingine.”

Papa Ramazani alisimama. Watu walipita na mizigo wakitugonga mabega.

“Mkwe aliniambia siku alikufa,” akasema mwishowe. “Nikahesabu. Nikasema, redio iko, Gaston iko, hawawezi kukosa kujua.” Akamhamisha mtoto mkono mwingine. “Kila swala nilimuombea apone. Asubuhi, saa sita, jioni. Niliomba kwa nguvu sana. Batu ya batò balinijua, balikuwa banauliza, papa, mutoto wako namna gani, na mimi najibu, atapona. Nilimuombea mugonjwa, na yeye iko maiti. Dua ya maiti hakupata kwangu hata moja.”

“Nisamehe,” akasema Mama Zaina.

“Ningejua, ningelia peke yangu kule. Sijui, mama. Sijui ni gani ilikuwa nzuri.” Akamshika mkono akamwinua. “Twende. Mutoto iko kwa jua.”

Mimi pia sijui, na nimekuwa na miaka mingi ya kufikiri. Bolamba mpaka anakufa alisema tulikosea. Gaston alisema alifanya alivyoambiwa na mwenye msiba.

Habari nyingine niliipata kidogokidogo, kwa sababu Papa Ramazani aliitoa hivyo, neno moja tukiwa tunasukuma, neno lingine baada ya juma. Neno alilolipeleka rubani lilifika. Zaina aliambiwa Jumapili ileile jioni kwamba baba yake anakuja. Na kwa kuwa baba yake alikuwa mtu wa uwanjani, hakuwaza meli. Jumatatu nzima, kila akisikia mashine angani, alimwuliza mumewe, “Avion imefika? Papa iko wapi?” Mumewe akawa anamjibu kwamba ni ile inayofuata.

Mtoto aliishi. Waliitwa majirani waliokuwa na maziwa, kisha uji, kisha akawa anakimbia uani kama wengine. Papa Ramazani aliendelea na kazi, na sikuona tofauti katika kazi yake. Aliacha tu ile tabia ya kuwa wa kwanza kuifikia ndege ya Léo. Aliingoja mahali pake, kama nyingine zote.

Miaka ile ya mwisho kabla ya uhuru mambo yalilegea. Watu wetu wakaanza kuonekana kwenye viti, kwanza makarani wakubwa, kisha wafanyabiashara. Mkuu mpya wa kituo, kijana, alisikia habari ya zamani kutoka kwa nani sijui. Akamwita Papa Ramazani, akamwambia kuna kiti kwenda na kurudi, karatasi ameshazishughulikia, akaone kaburi. Nilidhani atakataa. Alikwenda nyumbani akafua kofia yake.

Siku ya safari nilijaza mimi, na Bolamba akashika pampu. Alipanda ngazi polepole, ameshika reli kwa mikono miwili, akaingia bila kugeuka. Alilala Léo usiku mmoja, akasoma dua zake kaburini na mkwewe, ambaye alikuwa ameoa tena na akalia sana. Kesho yake ndege ilitua hapa mchana, na yeye akashuka wa mwisho.

Nilimkimbilia kumpokea mfuko. Nilitaka kumwuliza mambo mengi: juu kukoje, mto unaonekanaje, masikio yaliuma. Nikauliza tu, “Papa, safari ilikuwa namna gani?”

Alisimama pale chini ya ngazi, abiria wakimpita. Alikuwa mzee sasa.

“Balinipa kahawa,” akasema. “Nilikunywa, nikaangalia pori, nikalala kidogo. Nikaamka bakasema tumefika.” Akanitazama kama mtu aliyeambiwa jambo asilotaka kuliamini. “Ni karibu, Anselme. Sikujua iko karibu namna ile.”